Kutoka Kitabu Hadi Mchezo wa Video: Mayatima wa Lemony Snicket

Kuanzia mwaka 1999 hadi 2006, mwandishi Mmarekani Daniel Handler, akijificha nyuma ya jina la Lemony Snicket, alitoa vitabu 13 vya watoto chini ya anwani moja, A Series of Unfortunate Events, yaani mfululizo wa matukio ya bahati mbaya. Mwaka 2004 filamu ya Brad Silberling ilikusanya vitabu vitatu vya kwanza, na mwaka uleule kampuni ya Activision ikatoa mchezo wa video uliofuata filamu hiyo. Swali la kujiuliza ni hili: baada ya kupita katika mikono hiyo yote, ucheshi mchungu wa vitabu umebakiza nini?

Ucheshi huo hukaa kwanza katika sauti ya msimulizi. Snicket humsihi msomaji aache kusoma. Hufasili neno gumu hata fasili yenyewe ikawa kejeli. Hutangaza kifo cha mhusika kabla hakijatokea. Fanani wa ngano huiita hadhira yake ije karibu. Snicket huifukuza, na kwa kuifukuza huivuta.

Pili, ucheshi huo hukaa katika uziwi wa watu wazima. Violet mvumbuzi, Klaus msomaji na Sunny, mtoto mchanga mwenye meno makali, wanawindwa na Count Olaf kwa ajili ya urithi wao. Katika The Reptile Room, Olaf anaingia nyumbani kwa Uncle Monty akijiita Stephano. Watoto wanamtambua papo hapo. Monty naye anamshuku mgeni, lakini anamdhania kuwa jasusi aliyetumwa na wataalamu wenzake wa nyoka na mijusi, na kosa hilo linamwua. Msomaji anacheka, kisha anaona kwamba amecheka mbele ya kaburi.

Mchezo umejitahidi kuihifadhi sauti: msimulizi wake ni mwigizaji Tim Curry, aliyesoma pia vitabu kadhaa vya mfululizo huu kwa ajili ya wasikilizaji. Violet anaokota vitu ovyo na kuviunda kuwa zana. Katika sehemu za Sunny, skrini inasogea ubavuni pamoja na mtoto anayetambaa katika njia nyembamba. Hapo mchezo umefaulu, kwa sababu uvumbuzi na utambaaji ni kazi za mwili, na mchezo wa aina hii husema kwa mwili.

Kwa Klaus mambo ni magumu zaidi. Katika The Wide Window, Aunt Josephine, mpenzi mkubwa wa sarufi, anaacha barua iliyojaa makosa ya lugha. Klaus anayakusanya makosa hayo moja moja, nayo yanamtajia pango alikojificha shangazi. Ushindi huo ni wa msomaji mwangalifu, na hakuna kitufe cha kusoma kwa uangalifu.

Hata hivyo, hasara kubwa iko kwingine. Katika mchezo, anayeanguka hurudia, na kizuizi kimewekwa ili kivukwe. Anayetenda sawasawa hupata malipo yake. Vitabu vinasema kinyume: watoto wanatenda sawasawa, wanasema kweli, na bado hawasadikiwi. Dhuluma inayowapata haikupangwa na yeyote kwa kipimo cha nguvu zao. Watengenezaji hawastahili kulaumiwa kwa hilo peke yao, maana mchezo usiolipa tendo jema ungetupwa na wachezaji. Lakini kwa kulipa kila tendo, umetoa faraja ambayo vitabu vilikataa kuitoa.

Kwa hiyo mchezo huu usihesabiwe kuwa njia fupi ya kuvifikia vitabu. Mtoto anayeucheza atajifunza kwamba Olaf hushindwa. Kitabu kitamwonyesha ni nani waliomwachia Olaf nafasi, na kwamba wengi wao walikuwa watu wema.