Neno "Mtumiaji" na Mzigo wa Dhana Tatu

Miongoni mwa kanuni za uundaji wa istilahi iko hii: neno moja lisibebeshwe dhana zinazokinzana. Kanuni hiyo huvunjwa kila tuelezapo kwa Kiswahili mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, ambamo neno mtumiaji husimama mahali pa mtu, mahali pa akaunti yake, na mahali pa kila kipindi anachofungua.

Mfumo wa Unix kwa desturi una faili mbili za kumbukumbu. Ya kwanza, utmp, huonyesha waliomo wakati huu. Ya pili, wtmp, huhifadhi kila kuingia na kila kutoka. Amri iitwayo who husoma ile ya kwanza. Iitwayo last husoma ya pili. Kuziita zote mbili "orodha ya watumiaji walioingia" ni kupotosha. Aliyeingia asubuhi akatoka adhuhuri ni miongoni mwa walioingia, lakini si miongoni mwa waliomo. Kiswahili kinacho kiambishi -mo kwa kazi hiyo hiyo, nasi twakiacha.

Tuchukue mfano wa daftari la wageni katika ofisi ya kijiji, tuseme Mkange, wilayani Bagamoyo. Mgeni akiandika jina lake na tarehe, daftari lathibitisha kwamba alifika. Halimwambii mtendaji wa kijiji iwapo mgeni bado yumo. Faili ya utmp hujibu swali hilo la pili, lakini hutegemea kuaga. Mawasiliano yakikatika ghafla, jina laweza kubaki orodhani ilhali mwenyewe hayupo. Hali hiyo ina jina tayari: mwaka 2016, Serikali ya Tanzania iliposaka wafanyakazi hewa, umma mzima ulielewa kwamba ni majina yasiyo na watu. Basi "kipindi hewa" hakihitaji ufafanuzi.

Madhara ya mkanganyiko huu si ya kiisimu tu. Mtu mmoja akifungua madirisha matatu ya amri, who yaweza kuandika mistari mitatu. Makarani watatu wakitumia akaunti moja, jina ni lile lile. Mkuu wa ofisi asomaye "watumiaji watatu" atadhani ni watu watatu, na asomaye jina la karani atadhani karani mwenyewe alikuwapo. Hivyo mtu aweza kuadhibiwa kwa ushahidi wa tafsiri.

Kwa maoni yetu, mtumiaji abaki kuwa mtu. Akaunti iwe jina la kuingilia. Kipindi kiwe muda tangu kuingia hadi kutoka. Yaliyomo katika utmp yaitwe "orodha ya akaunti zilizomo", kila mstari ukiwa kipindi kimoja. Ya wtmp yaitwe "kumbukumbu za kuingia na kutoka". Wapo watakaopendelea kiingilio badala ya kipindi, lakini kiingilio ni fedha ilipwayo mlangoni pa uwanja wa mpira.

Zaidi ya hayo, baadhi ya mifumo ya Linux inaiacha utmp, kwa kuwa nafasi yake ya biti 32 ya kuhesabia wakati itajaa tarehe 19 Januari 2038. Badala yake huulizwa systemd-logind, ambayo huorodhesha vipindi. Yafaa istilahi hizi zijadiliwe na kusanifishwa mapema, kabla mazoea hayajatutangulia.