Majina ya Mifupa Yetu

Mwalimu wa lugha akistaafu huacha ofisi, haachi kalamu nyekundu. Mimi yangu nimeipeleka mahali ambapo pengine haikualikwa: kwenye majina ya dinosau waliochimbwa Tanzania. Jina nalo ni utungo, na kila utungo unastahili kusahihishwa.

Nitangulize kwamba hapa Mara hatuna dinosau. Miamba ya upande huu wa Musoma ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ilikuwapo kabla mnyama yeyote duniani hajapata mfupa. Mtoto wa Butiama anayepanda mawe ya Mwitongo akitafuta visukuku atashuka na vumbi tu. Kwa hiyo sipendelei mkoa wangu.

Tuanzie Tendaguru, mkoani Lindi. Wajerumani walichimba huko tangu 1909 hadi 1913, miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini Lindi, zikavuka bahari hadi Berlin. Mkubwa wao, yule mwenye shingo ya twiga, aliitwa Brachiosaurus brancai mwaka 1914; siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Wilhelm von Branca alikuwa mkuu wa jumba la mifupa huko Berlin na mmoja wa waliochangisha fedha za msafara. Haya, sina ugomvi mkubwa. Hata kwetu kijana humkumbuka mjomba aliyemtolea ng'ombe wa mahari.

Ugomvi wangu uko kwa Dysalotosaurus lettowvorbecki, jina la mwaka 1919. Sehemu ya kwanza ni Kigiriki, maana yake mjusi asiyekamatika kwa urahisi. Sehemu ya pili ni Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyekimbizana na Waingereza katika nchi yetu tangu 1914 hadi 1918 huku wapagazi wakifa kwa maelfu. Kama utungo, ni kazi ya mtu hodari: mzaha na sifa vimefungwa katika maneno mawili. Kama haki, ni sifuri. Nao mnyama mwenyewe anajulikana kwa maelfu ya mifupa.

Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji Waafrika, alingoja mpaka 2007 kupata Australodocus bohetii. Mnyama huyo anajulikana kwa pingili mbili za shingo! Nafurahi kwamba amekumbukwa, lakini namwomba msomaji apime mgao huo. Sheria za kimataifa za majina ya wanyama hazifuti jina kwa sababu tu linaudhi, basi jenerali atabaki.

Tangu 2010 mambo yamebadilika, na hapa kalamu yangu inapata kazi ya kupendeza. Asilisaurus kongwe: asili na kongwe zimekaribiana mno, mwandishi amesema jambo moja mara mbili. Pakasuchus, mamba paka, limetoka mwaka huohuo. Mnyama alikuwa na ukubwa wa paka, na meno yake yalifanana na ya wanyama wanyonyeshao, kwa hiyo mzaha wake una sababu. Shingopana songwensis, 2017: upatanisho wa ngeli ni sahihi, na jina linatamkika vizuri. Ningempa alama za juu.

Bora kuliko yote ni Mnyamawamtuka moyowamkia, 2019. Mnyama wa Mtuka, mto ulio karibu na alipoonekana mwaka 2004 kusini magharibi. Na pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Wapo wanaolalamika kwamba maneno yameshikamana kama ugali wa jana. Mimi naona jambo jingine. Mtoto wa darasa la nne Bunda akilisoma polepole analielewa bila kamusi, na profesa wa London ndiye anayehitaji kutafsiriwa. Kwa majina ya wanyama wa kale ni mara chache zamu hiyo kugeuka.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare akaiita Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakutafuta neno la karibu tu. Kwa neno moja alitoa hukumu juu ya wale wafanyabiashara. Mnyamawamtuka hakutoi hukumu, ila kunasema mnyama ni wa wapi, jambo ambalo brancai halisemi.

Hata hivyo sitatoa mia kwa mia. Makala iliyomtangaza mnyama huyo iliandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimepewa mlango, sebuleni hakijaingia. Wala tusidanganyane kwamba maneno hatuna. Pingili, mbavu, nyonga, paja, uboho: nenda buchani Bunda asubuhi yoyote, utayasikia yote kabla hujafungiwa nyama yako.