Kutoka Rucunshu hadi Kamembe: Kanjogera na Mipaka ya Historia Iliyoandikwa

Mwaka 1933, huko Kamembe, juu ya kingo za kusini za Ziwa Kivu, alifariki Kanjogera binti Rwakagara. Kwa jina la utawala la Nyirayuhi V alikuwa ameishika Rwanda pamoja na mwanawe, Yuhi V Musinga, kwa miaka 35. Kamembe leo ni kitovu cha Wilaya ya Rusizi, mji wa mpakani unaotazamana na Bukavu. Wakati ule palikuwa mahali pa uhamisho. Maandishi mengi kuhusu ufalme wa Rwanda hukipa kifo hicho sentensi moja, ilhali mapinduzi ya Rucunshu ya Desemba 1896, yaliyomwingiza madarakani, hupewa sura nzima. Makala haya yanauhoji mgawanyo huo. Hoja yake ni kwamba kuiacha Kamembe nje ya simulizi kumebadili maana ya maisha yenyewe: Kanjogera amebaki mwanamke mkatili wa hadithi, na cheo alichokishika, pamoja na namna kilivyovunjwa, hakionekani tena.

Cheo hicho ni cha umugabekazi, mama anayetawala pamoja na mfalme. Katika kanuni za kasri hapakuwa na mfalme asiye na umugabekazi. Aliyefiwa na mama alipewa mwingine wa kukikalia kiti. Mwaka 1889 Kigeli IV Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mtawala mwenza, na kwa kuwa mama yake Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa, nafasi hiyo akapewa Kanjogera, mke wa Rwabugiri kutoka ukoo wa Abega, ambaye tayari alikuwa na mtoto wake wa kiume, Musinga. Uteuzi huo ulibeba mgogoro ndani yake, na hilo halihitaji uovu wa mtu yeyote ili lieleweke. Rwabugiri alipofariki mwaka 1895, mfalme kijana alibaki na mlezi ambaye maslahi ya ukoo wake yalikuwa kwa mtoto mwingine. Mwaka uliofuata jeshi la Rwanda lilishindwa huko Shangi, Kinyaga, na kikosi cha Dola Huru ya Kongo chenye bunduki, na Bisangwa, mmoja wa watetezi wakuu wa Rutarindwa, akauawa. Miezi michache baadaye, Rucunshu, Kanjogera na kaka zake Kabare na Ruhinankiko wakakata shauri kwa mikuki. Rutarindwa alipoona ameshindwa aliiteketeza nyumba akiwa ndani yake pamoja na familia yake.

Inafaa kusita hapa, kwa sababu Shangi kwa kawaida husimuliwa katika historia ya ukoloni na Rucunshu katika historia ya kasri, kana kwamba ni matukio ya nchi mbili. Kinyaga ndilo jina la kale la eneo ambalo baadaye liliitwa Cyangugu. Pale ndipo kasri lilipojifunza kwanza nguvu ya bunduki, na somo hilo ndilo lililowafanya Kanjogera na kaka zake kuwakubali Wajerumani walipofika mwaka 1897: utawala wao ulikuwa mchanga, ulikuwa na damu mikononi, na ulihitaji mshirika mwenye silaha. Mkataba huo uliwafaa kwa takribani miaka ishirini, kisha Wabelgiji wakashika nafasi ya Wajerumani mwaka 1916.

Waandishi wa kwanza waliomweka Kanjogera katika vitabu walikuwa watu wa misheni na wa utawala. Louis de Lacger alichapisha historia yake mwaka 1939, miaka minane baada ya Musinga kuondolewa, katika mazingira ambayo uondoaji huo ulihitaji kuonekana kuwa wa haki. Askofu Léon Classe alikuwa ameushinikiza. Gavana Charles Voisin aliutekeleza Novemba 1931. Katika fikra za watu hao, mama mzee wa kasri aliwakilisha yote yaliyopaswa kuondoka: ibada za kale, hila, damu. Alexis Kagame anasimama kwingine. Yeye alipewa elimu ya ubwiru, kanuni za siri za ufalme, kwa idhini ya Mutara III Rudahigwa, na anaisoma Rucunshu kama kuvunjwa kwa agizo la mfalme. Usomaji wake ni wa ndani zaidi na wenye thamani kubwa zaidi. Hata hivyo, nao humweka Kanjogera kwenye kizimba cha tendo moja.

Masimulizi ya mdomo yakaongeza yaliyobaki. Husimuliwa kwamba alikuwa na upanga ulioitwa Ruhuga, na kwamba alijiinua kitini kwa kuukita katika mwili wa mtoto mchanga. Hadithi ya namna hii haipimwi kwa kuuliza kama ilitokea. Inapimwa kwa kuangalia imechagua nini: imemchukua mwanamke ambaye mamlaka yake yote yalitokana na umama, ikamfanya muuaji wa watoto. Kabare, aliyekuwa na mkono mkubwa zaidi katika mauaji ya Abanyiginya waliompinga, hakupewa hadithi kama hiyo. Jina hilo lilirudi miaka ya 1990, pale Agathe Habyarimana, mke wa rais, alipoitwa Kanjogera na wapinzani wa utawala. Sarah Watkins na Erin Jessee, katika makala yao ya 2020, wameonyesha vyema jinsi jina hilo linavyotumika kuwapimia wanawake wenye mamlaka nchini Rwanda. Lakini uchunguzi wa urithi wa jina unaacha swali la awali palepale: cheo chenyewe kiliishaje?

Tasnifu ya Alison Des Forges ya mwaka 1972, iliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 2011, ndiyo inayokaribia jibu kuliko nyingine. Inamwonyesha Kanjogera akipatanisha, akigawa, akitafuta njia kati ya kaka zake wawili walioshindana, na baadaye kati ya mwanawe aliyekua na ukoo wake mwenyewe. Mwanasiasa, kwa neno moja. Ila utawala wa Musinga ndio uliowekewa mpaka katika kichwa cha kitabu hicho, nao unakoma mwaka 1931. Aliyeondolewa madarakani anatoka pia katika historia.

Anayetaka kumfuata Kamembe hana budi kufungua kitabu kingine, cha Catharine Newbury kuhusu Kinyaga, kinachoanza 1860 na kuishia 1960. Mada yake ni ubuhake na ugumu wa maisha ya raia, wala si malkia. Hata hivyo ndicho kinachotoa ufunguo. Mtawala mwenye nguvu wa Kinyaga katika miaka ile alikuwa Rwagataraka, mwana wa Rwidegembya, wa uzao wa Rwakagara, yaani damu ya Kanjogera mwenyewe. Abega hao walikuwa wameingia Kinyaga kwa nguvu ya kasri alilolijenga yeye, kisha wakagundua kwamba ulinzi wa Wabelgiji uliwafaa zaidi kuliko ule wa Musinga, ambaye Rwagataraka alikuwa miongoni mwa wapinzani wake. Umugabekazi alipelekwa uhamishoni katika nchi iliyotawaliwa na mjukuu wa kaka yake, na udugu huo haukumrudishia chochote. Simulizi inayomweleza kama kinara wa njama ya Abega haiwezi kulifafanua jambo hili. Inayomweleza kama mshika cheo inaweza. Kiti kilipoondoka, ukoo ulitafuta kiti kingine.

Na kiti kilikuwa kimeanza kuliwa na mchwa zamani. Mwaka 1917 Musinga alilazimishwa kukubali uhuru wa dini. Katika miaka ya 1920 alipoteza uwezo wa kuteua machifu bila ridhaa ya Wabelgiji. Mwaka 1925 sherehe ya umuganura ikapigwa marufuku, na Gashamura, mkuu wa abiru, akahamishiwa Burundi. Hatua hizi husomwa kama kupungua kwa mfalme, lakini umugabekazi alizipoteza zote pamoja naye, na zaidi: mamlaka yake hayakuwa na msingi mwingine nje ya ubwiru, kwani utawala wa kikoloni haukuwa na safu ya kumwandika. Novemba 1931 Rudahigwa alitangazwa mfalme na gavana, na mama yake Kankazi akawa Nyiramavugo. Kwa miaka miwili Rwanda ikawa na wafalme wawili walio hai na mama zao wawili walio hai, hali ambayo kanuni ya kasri haikuwa na nafasi nayo. Musinga naye alihamishwa tena mwaka 1940, akapelekwa Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944.

Mwanamke mwingine aliyejitambulisha kuwa mjane wa Rwabugiri, Muhumuza, alikamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuwekwa Kampala hadi kifo chake mwaka 1945. Yeye leo anahesabiwa miongoni mwa mashujaa wa kupinga ukoloni, na miaka yake ya kizuizini ni sehemu ya heshima hiyo. Kanjogera alishirikiana na wageni kwanza, akaangushwa na wageni baadaye. Historia ya kishujaa haijui pa kumweka mtu wa aina hiyo.

Kwa Kiswahili suala hili ni la haraka zaidi. Tangu kiwe lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, vitabu vya shule na vya makumbusho vitahitaji neno kwa ajili ya umugabekazi. "Malkia" linapotosha, kwa kuwa msomaji huelewa mke wa mfalme au mwanamke anayetawala peke yake. "Mama mfalme" linamrudisha jikoni. Kiswahili kimempokea kabaka wa Buganda bila kumtafsiri, na wanaoandika juu ya Buganda humwacha namasole abaki namasole. Hakuna sababu ya umugabekazi kunyimwa mlango huohuo. Waandaaji wa mitaala wakilikubali neno, watalazimika kulieleza, na maelezo hayo hayatakamilika Rucunshu wala Nyanza. Yatahitaji ramani yenye Shangi na Kamembe, pamoja na wasimulizi wa Kinyaga ambao wazazi wao waliishi jirani na kasri lisilo na ngoma.