Saa na pembe: namna mtumbwi unavyokata mlango wa Njao

Wapiga makafi wa mito ya theluji, kule Alps na Himalaya, huingia majini alfajiri. Jua likipanda theluji huyeyuka, maji yake huchukua saa kadhaa kuteremka bondeni, na mto uliokuwa mpole asubuhi huwa mwingine kabisa jioni. Jinja, kwenye Nile, maporomoko hayangoji jua. Kiasi cha maji huamuliwa na mafundi wa mabwawa ya umeme. Pemba hatuna theluji wala mto wa kutisha mtu. Tuna milango, na saa yake ni mwezi.

Mlango ni upenyo kati ya visiwa, ambamo maji ya ndani hutoka na kuingia. Upande wa magharibi, kati ya kisiwa cha Njao na kisiwa cha Fundo, upo mmoja. Nje yake kuna kilindi kinachotenganisha Pemba na bara, chenye kina kinachofika mita 800, na mkondo wake huelekea kaskazini. Atakayeshindwa mlangoni wakati maji yanatoka, huko ndiko atakakopelekwa.

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Hujaa mnamo saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa 4. Kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo anayejua tarehe ya mwezi tayari anajua saa ya maji bila kufungua simu. Lakini maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kupwa, saa ya kwanza huchukua takriban sehemu moja kati ya 12, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne tatu tatu, kisha mbili, kisha moja. Kwa bamvua ya mita 4, saa ya kwanza huondoa kama sentimita 33. Saa ya tatu peke yake huondoa mita nzima. Ujazo wote huo upite penye upenyo ule ule! Saa moja asubuhi ya bamvua, basi, ndiyo saa mbaya kuliko zote za kuvuka, hata kama bahari inang'aa kama sahani.

Tufanye hesabu. Mlango tuupe upana wa mita 600, na watu wawili wenye makafi tuwape mwendo wa kilomita 5 kwa saa. Mkondo ukienda kilomita 4 kwa saa na wao wakaelekeza omo moja kwa moja ng'ambo, watafika baada ya dakika 7 hivi, ila watakuwa wamesukumwa mita 480 kuelekea nje. Ili wasisukumwe, omo ielekezwe juu ya mkondo kwa nyuzi 53. Mwendo wa kuvuka hubaki kilomita 3, na safari huwa dakika 12 za jasho. Wakisubiri mkondo upungue hadi kilomita 1.4, nyuzi 16 zinatosha, mwendo wa kuvuka ni 4.8, na wanafika kwa dakika 7 na nusu. Mkondo ukipita 5, hakuna pembe itakayowashikilia. Mikono ni ile ile katika hesabu zote. Kilichobadilika ni saa ya kutia kafi majini.

Pembe yenyewe haipimwi kwa chombo. Aliye tezi huchagua vitu viwili ng'ambo, tuseme mnazi na jiwe lililo nyuma yake, akavipanga mstari mmoja. Jiwe likianza kuchomoza upande wa ndani, mtumbwi unarudi ndani kuliko alivyotaka, apunguze pembe. Likichomoza upande wa bahari kuu, wanachukuliwa nje, aongeze. Aliye omo hana kazi ya kutazama. Yeye ni mashine.

Pagumu zaidi ni pale pa kuingilia. Nyuma ya ncha ya kisiwa maji hutulia, pengine hurudi kinyume, na mpaka wake na mkondo huonekana kwa mstari wa povu. Omo ikivuka mstari huo hushikwa na mkondo wakati tezi bado imo kwenye utulivu, mtumbwi ukageuka ghafla. Hapo mwili uegemee upande maji yanakokwenda. Silika ya mgeni humtuma kuegemea yanakotoka, kana kwamba atayazuia kwa bega. Ubavu huo huzama, maji hupanda juu yake, na mtumbwi usio na mirengu hupinduka. Ngalawa, kwa mirengu yake, husamehe zaidi. Mpiga kayaki wa mto wa theluji angelitambua kosa hilo mara moja, maana ndilo linalomlowesha yeye.

Siku hizi wengi hufunga mashine, na mashine husamehe saa mbaya mpaka siku inapozima katikati ya mlango. Ndiyo maana kafi bado linastahili nafasi yake chini ya mbao za kukalia.

Aliyevuka kwa kafi saa 4 asubuhi, maji yaliposimama, ana hesabu moja zaidi: maji yatasimama tena mnamo saa 10 jioni. Shughuli yake Fundo ikiisha saa 7 mchana, mkondo wa kujaa uko kwenye kilele, naye atafute kivuli.