Changarawe ya Finestre: Froome alivyoipata Giro ya 2018

Asubuhi ya Mei 25, 2018, Chris Froome alikuwa wa nne katika mbio za baiskeli za Giro d'Italia, dakika 3 na sekunde 22 nyuma ya kiongozi, Simon Yates. Zilibaki hatua tatu, na ile ya mwisho, ya Roma, kwa desturi haimbadilishii mtu nafasi. Jioni Froome alivaa jezi ya waridi ya kiongozi. Alikuwa amechomoka zikiwa zimebaki kilomita 80, juu ya barabara ya vumbi, na hakuna aliyemwona tena mpaka kwenye utepe. Yates alifika dakika 38 na sekunde 51 baada yake.

Ushindi ule husimuliwa kama kisa cha mapafu na miguu. Miguu ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini ukifuatilia saa kipande kwa kipande, unaona jambo jingine: changarawe haikumpa Froome kasi ya ziada, bali iliwanyang'anya wapinzani wake wasaidizi. Faida yenyewe aliivuna mbele zaidi, kwenye lami.

Mlima wenye changarawe hiyo, Colle delle Finestre, uko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, kati ya bonde la Susa na bonde la Chisone. Barabara yake ilichongwa na wanajeshi ili kufika kwenye ngome ya Fenestrelle. Kutoka Susa hadi kileleni ni kama kilomita 18 na nusu, mwinuko wa wastani ukiwa zaidi ya asilimia 9, na kilele kiko karibu mita 2,180 juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya chini ina lami nyembamba yenye kona zinazofuatana msituni kama utumbo. Kisha, zikiwa zimebaki kilomita 8 hivi, lami inakatika na changarawe inaanza. Mwinuko haupungui. Giro haikuthubutu kuipanda hadi mwaka 2005.

Kupanda changarawe ya namna hiyo kwa baiskeli ya barabara yenye tairi nyembamba kuna adabu yake. Ukisimama juu ya pedali, uzito unahamia mbele, tairi la nyuma linateleza na nguvu inapotea chini. Ukikaa kitini na kuzungusha gia nyepesi kwa mwendo usiobadilika, tairi linashika. Froome alikuwa hodari wa kukaa: tangu ushindi wake wa kwanza wa Tour de France mwaka 2013, mtindo wake ulikuwa kuzungusha miguu haraka haraka akiwa ameketi, kichwa kimeinama, viwiko vimetanuka kwa namna isiyopendeza macho. Mtindo uliokuwa ukichekwa kwenye lami ulifaa sana pale.

Hata hivyo hakuchomoka mara tu vumbi lilipoanza. Kwanza timu yake ya Sky ilikaa mbele ya kundi tangu chini ya mlima na kukaza mwendo. Wasaidizi walipokezana, kila mmoja akijimaliza kabla ya kumwachia mwenzake, hadi ikafika zamu ya Mfaransa Kenny Elissonde. Yates, aliyekuwa ameshinda hatua tatu na kukaa na jezi ya waridi karibu wiki mbili, alilegea mapema kabisa. Domenico Pozzovivo, wa tatu kwa jumla, naye akaachwa. Muhimu zaidi kuliko hao wawili, waliachwa pia wasaidizi wa kila timu. Elissonde alipojiondoa, nyuma ya Froome walibaki viongozi bila watumishi.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake wenye jumla ya kilo 76, wakipanda mwinuko wa asilimia 9 kwa kilomita 18 kwa saa. Kuubeba uzito huo kwenda juu kunahitaji wati 330 na ushei. Kukata upepo, kwa kasi ndogo hiyo, ni wati 20 na kitu tu. Anayejificha nyuma ya mwenzake anaokoa wati chache, pengine zisizofika kumi. Sasa wapeleke bondeni kwenye tambarare, kilomita 45 kwa saa. Upepo peke yake unadai kama wati 300, na anayejificha anaokoa hata theluthi yake. Kwa hiyo mlimani mtu mmoja anaweza kulitoroka kundi kwa haki. Bondeni kundi lenye ushirikiano lazima limle. Kuchomoka kilomita 80 kabla ya mwisho, ukiwa na bonde na mteremko mrefu mbele yako, ni wazimu, isipokuwa kama umehakikisha kwamba kundi halitakuwa na ushirikiano.

Kileleni Froome alikuwa na kama sekunde 40 mbele ya Tom Dumoulin, bingwa wa mwaka uliotangulia. Sekunde 40 si kitu. Dumoulin alikuwa pia bingwa wa dunia wa mbio za kushindana na saa, mtu ambaye, kwenye tambarare, alikuwa na uwezo wa kumfukuza Froome peke yake. Lakini alikuwa na Thibaut Pinot, Richard Carapaz na Miguel Ángel López, na akaona ni busara kumsubiri Sébastien Reichenbach, msaidizi wa Pinot, ili wapate mtu wa kuvuta. Reichenbach hakuwa mteremkaji mkali. Froome alishuka kona zile kama mwenye deni, wao wakashuka kwa tahadhari, na pengo likawa linapanuka.

Walipofika bonde la Chisone, kila mtu alikuwa na sababu yake ya kutovuta. Carapaz na López waligombea jezi nyeupe ya vijana, kwa hiyo kila mmoja alimchunga mwenzake. Pinot aliwaza nafasi ya tatu. Aliyekuwa na haja ya kweli ya kumkamata Froome ni Dumoulin peke yake, na wote walilijua hilo. Kupanda mlima wa Sestriere, ambako mwinuko ni mpole na kundi lingepaswa kufaidi, hawakurudisha chochote. Kufikia mguu wa Jafferau, mlima wa mwisho, pengo lilikwisha kuzidi dakika 3. Na mwishoni Carapaz alikuwa dakika 3 kamili nyuma, Dumoulin 3 na sekunde 23. Yaani mlima wa mwisho, kilomita 7 za mwinuko mkali, haukuongeza lolote la maana.

Kazi nyingine haikuonekana sana kwenye televisheni: chakula. Sky waliwapanga makocha na maofisa wao kandokando ya Finestre wakiwa na chupa na jeli, ili Froome ale na kunywa kidogo kidogo bila kubeba mzigo wala kungoja gari la timu kwenye barabara ile nyembamba. Anayeishiwa na wanga kilomita 30 kabla ya mwisho hupoteza dakika nyingi, si sekunde. Kwangu mimi, mpango huo una uzito kuliko aina ya tairi au baiskeli.

Haifai kuchambua siku ile na kunyamazia kivuli kilichokuwa juu yake. Froome alishiriki huku kesi ya salbutamol, dawa ya pumu, iliyotokana na kipimo cha mbio za Vuelta za 2017, ikiwa haijaamuliwa. Ilifungwa Julai 2, 2018 bila adhabu. Kila msomaji ataamua mwenyewe aipe uzito gani. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki ipo tamaa ya kusema kwamba vumbi lile alilizoea tangu Kenya, kwani alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akafundwa na David Kinjah kwenye njia za Kikuyu. Inapendeza, lakini saa haithibitishi: kwenye vumbi lenyewe alipata zile sekunde 40 tu.

Finestre imewahi kulisema jambo hilohilo, kwamba faida huvunwa baada ya changarawe, kabla na baada ya siku ile. Mwaka 2005 Paolo Savoldelli aliachwa vibaya mlimani, akateremka kwa ujasiri, akasaidiwa na waendeshaji wa timu nyingine, na akaiokoa Giro kwa sekunde 28. Mei 31, 2025, Yates yuleyule aliyelegea pale alirudi akiwa wa tatu, akachomoka kwenye mlima uleule. Wapinzani wake, Isaac del Toro na Carapaz (naam, Carapaz tena), wakabaki wakitazamana, kila mmoja akimtaka mwenzake avute. Tofauti ni kwamba timu ya Yates haikutegemea ubishi wa wengine peke yake. Ilikuwa imemtanguliza msaidizi wake, Wout van Aert, katika kundi la mbele tangu mapema. Van Aert alimsubiri baada ya kilele, akamkatia upepo bondeni kuelekea Sestriere, na Yates akaimaliza siku hiyo akiwa na Giro mkononi kwa karibu dakika 4.