Stata Inapojivuta, Volti Huwa Zimepotelea Njiani

Injini ya dizeli ikianza kujivuta asubuhi, wa kwanza kutuhumiwa ni betri. Ikinunuliwa mpya na hali ikabaki ileile, stata inafunguliwa na kutiwa kaboni na bushi. Hilo nalo likishindikana, mwenye gari anaambiwa pampu imechoka. Amekwisha kutoa fedha mara tatu, na hakuna aliyepima chochote wakati stata ikivuta mzigo. Jambo hili linaniuma, maana kinachohitajika ni mita ya bei nafuu na dakika chache.

Dizeli haina plagi ya cheche. Moto wake unatokana na hewa iliyobanwa mpaka ikachemka. 1HZ, injini ya silinda 6 iliyo katika Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990, hubana hewa zaidi ya mara 22. Injini nyingi za petroli huishia kwenye mara 10 hivi. Stata lazima iusukume mzigo huo kwa kasi. Ikizunguka kivivu, hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi, joto linanyonywa na kuta za silinda, na dizeli inayopulizwa ndani haishiki moto. Inatokea kwenye ekzosi ikiwa moshi mweupe, na moshi huo ndio unaoziponza pampu na nozeli zisizo na kosa.

Chukua Land Cruiser ya injini hiyo, mfumo wa volti 12, asubuhi ya Julai pale Arusha, baridi imekaza. Betri ni mpya, stata imetoka kwa fundi, na bado inajivuta. Kwanza chomoa waya wa solenoidi ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu, injini isije ikawaka katikati ya kipimo. Betri ikiwa imetulia mita inasoma 12.6, yaani imejaa. Msaidizi anapiga stata, na kwenye vichwa vya betri namba inashuka hadi 10.8. Wengi huishia hapo na kusema umeme upo. Mimi namba hiyo inanitia shaka. Stata inayopambana na injini nzito ilipaswa kuiangusha betri zaidi ya hapo. Betri ikibaki imara huku stata inalegea, ujue umeme umezuiwa mahali. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeigeukia betri yenyewe, au stata inayokula umeme kupita kiasi.

Sasa hamia kwenye stata, kati ya bolti yake nene na bodi yake: 8.3. Volti 2.5 hazikufika. Pima kila upande peke yake, stata ikiendelea kupigwa. Kutoka kichwa chanya cha betri hadi bolti ya stata, 0.3, hapana neno. Kutoka kichwa hasi hadi kwenye chuma cha injini, 2.2. Ni waya wa ethi, ambao haupaswi kupoteza zaidi ya 0.3 hivi.

Kwa macho waya huo ni mzima. Vua plastiki karibu na kishikizo chake ndipo unaona shaba imeota kijani na nyuzi zinakatika ukizigusa. Ukiupima kwa ohm unasoma sifuri, kwa sababu upinzani wake haufiki hata asilimia 1 ya ohm moja na mita ya kawaida haiuoni. Ila stata hapo inavuta kama ampea 250. Zidisha, volti 2 na ushee zimegeuka joto. Gusa kiungo hicho mara tu baada ya kupiga stata, utakikuta cha moto. Ni kama bomba la maji lililobanwa: koki ikifungwa presha ni ileile pande zote, ikifunguliwa ndipo maji yanakosa nguvu. Kupima waya huku stata imelala ni kupoteza muda.

Stata inayogonga mara moja na kunyamaza ni ugonjwa mwingine. Kwenye stata nyingi za Toyota huwa ni vipande vya shaba ndani ya solenoidi vilivyolika. Hubadilishwa bila kununua stata nzima. Ikiwa hakuna sauti kabisa, fuata waya mwembamba wa swichi na rilei yake. Na gari likivuka maji kisha injini ikagoma ghafla katikati ya mzunguko, usipige stata tena kwa hali yoyote: maji hayabaniki, na konrodi itapinda. Toa hita plagi, zungusha injini kwa spana, maji yatoke.

Aliye njiani bila mita achukue waya wa kuazimia umeme, aunge kichwa hasi cha betri moja kwa moja na chuma cha injini, apige stata. Ikikimbia, ethi ndiyo yenye kosa.

Weka waya mpya mnene, sugua kwa msasa mahali unapofungwa mpaka chuma kiwe cheupe, kaza, kisha ndipo upake grisi. Pima tena: ethi inapoteza 0.2, stata inapata 9.6, na betri sasa inashuka hadi 10.2, chini kuliko ilivyokuwa gari likiwa bovu. Usishtuke kwa hiyo 10.2. Stata sasa inapata ampea zake zote, na betri inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.