Mwalimu Aliyechaguliwa na Mwanafunzi

Katika riwaya nyingi za mlezi na kijana mwenye kipaji, mzee ndiye anayechagua. Anaisikia sauti ya mtoto, anamwita, anampa ala mkononi. Yvonne Adhiambo Owuor, katika The Dragonfly Sea (2019), ameigeuza njia hiyo, na kwangu mimi hapo ndipo ilipo nguvu ya kitabu chake.

Hadithi inaanzia kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, jirani wa kisiwa cha Kiwayu upande wa kusini-magharibi. Ayaana, mtoto wa miaka saba, hana baba. Huvizia majahazi yakiingia, akimsubiri mtu asiyemjua. Anarudi Muhidin, baharia aliyezeeka ugenini, na mtoto anakata shauri kwamba huyu ndiye baba. Muhidin hakuombwa rai.

Owuor hamkalishi mzee huyu kwenye kiti cha ualimu mapema. Kwanza anamfanya shahidi: anamwona mtoto akicheza baharini alfajiri, naye ananyamaza. Vitabu, mashairi na elimu ya bahari vinafuata baadaye. Kwa kuwa kimya kilitangulia, kila somo linakuja kama amana. Angefungua darasa tangu ukurasa wa kwanza, tungepata mzee mwenye maarifa, basi. Msomaji wa Kiwayu ataufahamu ufundishaji huu. Kisiwani humo, mkondo wa mikoko uko ubavu mmoja na bahari kuu ubavu wa pili, na mtoto hukaa sana chomboni akitazama kabla hajaachiwa usukani.

Muhidin ana mwana aliyekua mbali naye, na mwandishi amempa jina la Ziriyab. Jina hilo halikuokotwa. Ziryab wa historia alikuwa mpiga udi aliyetoka Baghdad, akafika Cordoba mwaka 822. Masimulizi ya Kiarabu yanasema mwalimu wake, Ishaq al-Mawsili, alimwonea wivu baada ya kijana kumfurahisha khalifa, akamtaka ahame mji. Hapo kuna mlezi wa mwanamuziki aliyeshindwa mtihani wa mwisho, ule wa kupitwa. Muhidin anaufaulu. Ayaana anapopanda meli kwenda China, mzee anabaki nyuma, na riwaya inathubutu kuendelea kurasa nyingi bila yeye.

Ni hatari kumwondoa mhusika anayependwa hivyo, na nakiri kwamba sehemu ya China ni ndefu kupita kiasi. Lakini hapo ndipo hesabu ya mwandishi inapoonekana. Huko Ayaana anachaguliwa na wengine. Dola ya China inamchagua kwa sababu anadaiwa kuwa wa damu ya mabaharia wa Zheng He, amiri wa Kichina wa zamani, dai lililotoka kwenye maisha halisi: mwaka 2005 msichana wa Siyu, kisiwani Pate, alikwenda kusoma China kwa nasaba hiyohiyo. Kisha Koray, mrithi wa ukoo wa matajiri wa Uturuki, anamchagua kwa mapenzi yanayonuka umiliki. Mwandishi hahitaji kumrudisha Muhidin atutolee hotuba. Tunaposoma jinsi Koray anavyomshika, tunakumbuka wenyewe yule mzee aliyemwona majini akamwacha aendelee kucheza. Ayaana naye anaanza kupima watu kwa kipimo hicho, na kinachomrudishia akili yake ni bahari, somo ambalo Muhidin alilikuta tayari ndani ya mtoto, akaliongezea maneno.